Kosa la Kalamu na Mwenye Jina

Pasipoti ikitoka na herufi isiyo ya mwenyewe, au na tarehe ya kuzaliwa iliyopinda, karibu kila mara kosa hilo lina umri mkubwa kuliko pasipoti. Limesafiri kimya kimya kutoka karatasi moja hadi nyingine kwa miaka ishirini au thelathini, tangu kadi ya ubatizo, tangu daftari la mwalimu wa darasa la kwanza, likapitia cheti cha kuzaliwa, likaingia kwenye kitambulisho cha taifa, na mwisho likatua katika kitabu kile kidogo ambacho husomwa na watu wasiomjua kabisa mwenye jina. Huku Kasulu na Kibondo mtu anaweza kuzeeka na kosa la namna hiyo bila kuumia, kwa sababu mtendaji wa kijiji anamfahamu, mwalimu alimfundisha, na padri au mchungaji alimmwagia maji kichwani. Siku anapotaka kuvuka mpaka ndipo mashahidi wote hao huachwa nyuma, ikabaki karatasi peke yake kumsemea. Ninachotetea hapa ni kwamba kosa la jina lisahihishwe pale lilipozaliwa, hata kama limegunduliwa kwenye pasipoti. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, pamoja na ofisi zinazotuhudumia, tumezoea kuanzia mwisho, na mazoea hayo yametugharimu fedha, safari na, mara nyingine, heshima ya uraia wetu.

Utaratibu wenyewe ueleweke kwanza, maana watu wengi bado wana picha ya zamani kichwani. Enzi za pasipoti za kuandikwa kwa mkono, afisa aliyekosea aliweza kuongeza maelezo kwenye ukurasa wa ndani, akagonga muhuri, mambo yakaisha. Enzi hizo zimepita. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo ndilo linaloweka kanuni za pasipoti za dunia nzima, lilipanga tarehe 24 Novemba 2015 kuwa mwisho wa pasipoti zisizosomeka kwa mashine. Tanzania nayo ikazindua pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018. Ndani ya kitabu hicho mna chipu, na taarifa zilizomo zimefungwa kwa saini ya kidijitali. Herufi moja ikiguswa baada ya kitabu kutolewa, saini haitalingana tena na taarifa, na mashine ya uwanja wa ndege italiona hilo. Kwa hiyo kusahihisha pasipoti siku hizi maana yake ni kutengeneza kitabu kingine, na kitabu kingine hutengenezwa kutokana na karatasi zilezile zilizotengeneza cha kwanza: cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi wake, na namba ya kitambulisho cha taifa. Mtu wa Kibondo akisafiri zaidi ya kilometa 200 hadi Kigoma mjini kuomba jina lake linyooshwe, huku karatasi za chini zikiwa bado na jina lililopinda, atakuwa ameiomba mashine izae kosa lilelile kwa mara ya pili. Na ada ya pasipoti ya kawaida, iliyopangwa kuwa shilingi 150,000 pasipoti hii mpya ilipozinduliwa, ni fedha nzito kwa nyumba inayoishi kwa maharage na mahindi.

Makosa haya yana historia, na ningependa ikumbukwe kila afisa anapokunja uso mbele ya karatasi zisizolingana. Kizazi cha babu zetu kiliandikwa kwanza kwa ajili ya kazi. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na vijana wengi wa Buha, nchi yetu Waha, wakachukuliwa nayo kwenda Tanga na Morogoro. Jina walilobaki nalo katika Kiswahili hadi leo ni manamba. Karani wa mkonge alichohitaji ni namba; jina aliliandika ili namba ipate mahali pa kukaa. Wakati huohuo misheni zilikuwa zikiandika majina mengine. Kabanga na kwingineko katika Buha, mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika waliandika madaftari ya ubatizo kwa desturi ya Kanisa la wakati ule, yaani kwa Kilatini, na aliyeitwa Yohana nyumbani akawa Joannes kwenye daftari, kisha John shuleni. Waanglikana, ambao dayosisi yao ya Western Tanganyika ina makao Kasulu, waliandika Yohana. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akibatizwa huku na mwingine kule, walitoka na tahajia mbili za jina moja la babu yao. Kisha ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972, miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini, na mahali alipozaliwa mtu pakageuka kuwa shamba au pori lisilo na jina kwenye ramani ya serikali. Akiulizwa alizaliwa wapi, alitaja kijiji alichohamishiwa. Azimio la Musoma la 1974 likaleta elimu ya msingi kwa wote, na watoto wetu wakaandikishwa na walimu ambao wengi hawakuzaliwa Buha, waliosikia jina la Kiha mara moja na kuliandika kama masikio yao yalivyolipokea. Hata wilaya zenyewe hazikutulia: tangu 2012 Buhigwe imetoka Kasulu na Kakonko imetoka Kibondo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mzaliwa wa Kasulu kwenye cheti cha shule na mzaliwa wa Buhigwe kwenye fomu ya jana, na kote amesema kweli. Zaidi ya hayo kuna ile haraka ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole kabla ya 20 Januari 2020, iliyowafanya wengi wakimbilie vitambulisho vya taifa kwa foleni ndefu, na kwenye foleni ndefu hakuna anayemwomba karani arudie kusoma.

Hiyo ni mikono mingapi? Mtu wa miaka hamsini kutoka Kitahana au Heru Juu jina lake limepita kwenye kalamu saba au nane za watu tofauti, wengi wao wasiojua Kiha, na yeye mwenyewe mara nyingi hakuulizwa linaandikwaje. Kiha hakina desturi ndefu ya kuandikwa mashuleni, na majina yake mengi ni sentensi nzima zilizobanwa katika neno moja. Sauti ya r ya Kiha ikimfikia mtu ambaye lugha yake haina tofauti kali ya r na l, Ruhinda huwa Luhinda na Ntare huwa Ntale. Hata Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyeshika utawala wa Waha wa Kasulu na kuingia katika siasa za kupigania uhuru, jina lake la ubatizo utalikuta limeandikwa Theresa kitabu hiki na Teresa kitabu kile. Ikiwa mtu wa hadhi hiyo hakuokoka, mkulima wa Mabamba angeokokaje?

Katika mikoa mingi ya Tanzania herufi kama hizi ni usumbufu tu. Kwetu zina uzito wa namna nyingine, na hapa ndipo jambo lenyewe linapouma. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na mpaka unaozitenganisha ni mchanga: Buha na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani, Wabelgiji waliishika Kigoma tangu 1916, na ni makubaliano ya Milner na Orts ya 1919 yaliyowapa Waingereza upande huu na Wabelgiji upande ule. Sauti ambayo huku kwetu huandikwa gw, ng'ambo mara nyingi huandikwa rw. Chukua jina la Nsanzugwanko, ambalo Watanzania walilizoea kulisikia bungeni kutoka Kasulu. Karani akiweka r mahali pa g, kwa macho ya Dodoma hajafanya lolote. Kwa macho ya afisa aliyekaa mpakani miaka kumi, amemhamishia mwenye jina ng'ambo ya mpaka. Na sheria yetu ya uraia inampa mzazi nafasi kubwa: aliyezaliwa Tanganyika akiwa na walau mzazi mmoja aliyezaliwa humo ndiye aliyeingia uraia siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, bila kuomba. Ukikosea mahali alipozaliwa mzee, umegusa uraia wa watoto na wajukuu. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, ile ya kusaka wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wapo waliojikuta wakitakiwa kuthibitisha Utanzania walioishi nao maisha yao yote, na kilichowasaidia au kuwaangusha kilikuwa karatasi. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayesema kwamba herufi ni herufi tu.

Sasa tazama tiba inayotumika. Mtu akionekana ana majina mawili yanayofanana, huelekezwa kwa wakili au mahakamani akaape kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Hati ya kiapo ni chombo halali na ina kazi yake. Anayeapa uongo ametenda kosa la jinai, kwa hiyo kiapo kina meno. Lakini tuseme wazi kile ambacho kiapo hakifanyi. Hakifuti kosa lolote. Kinaweka daraja juu ya shimo, na shimo linabaki pale pale likimsubiri atakayepita usiku bila daraja. Kiapo cha Kiswahili kilichogongwa muhuri Kasulu hakimsaidii binti aliyesimama kwenye kaunta ya shirika la ndege, tiketi ikiwa na herufi moja na pasipoti ikiwa na nyingine, wala hakisomwi na mashine ya uwanja wa ndege wa Muscat. Na kila ofisi mpya hudai kiapo kipya: chuo, bodi ya mikopo, benki, mwajiri. Nimeona hoja ikitolewa kwamba viapo ni rahisi kuliko kufungua upya daftari la vizazi. Ukikihesabu kimoja, ni rahisi kweli. Ukivihesabu vya maisha yote ya mtu, pamoja na nauli na siku alizoacha jembe chini, si rahisi tena.

Kuna tiba nyingine ambayo naiona mbaya zaidi, nayo ni kumwambia mwenye kosa aandikishe hati ya kubadili jina. Hati hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu anayeacha jina lake kwa hiari na kutwaa jingine, labda kwa ndoa, labda kwa kubadili dini. Ndani yake mtu hutamka kwamba analiacha kabisa jina la zamani. Mwanamke ambaye babu yake alikuwa Ruhinda, naye akaandikwa Luhinda na karani, anatakiwa atamke kwamba alikuwa Luhinda na sasa anakuwa Ruhinda. Hilo si kweli. Hakuwahi kuwa Luhinda hata siku moja. Kalamu ndiyo iliyokuwa Luhinda. Kwa kutia saini anakuwa ameliingiza kosa katika historia yake kisheria, na kesho afisa mwingine akiona hati hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini mtu huyu wa mpakani alibadili jina. Ofisi inayompeleka huko haina nia mbaya, inatafuta tu karatasi itakayojaza nafasi kwenye jalada. Lakini sheria ya usajili wa vizazi na vifo yenyewe ina mlango wa kusahihisha makosa yaliyomo daftarini, na mlango huo ndio uliojengwa kwa ajili ya mtu wa namna hii. Wilayani kwetu huanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako kazi za RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hufanyikia. Hakuna aliye Kasulu au Kibondo anayelazimika kuanzia mbali zaidi ya hapo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na sipendi kulipita kwa haraka kwa sababu lina ukweli mwingi. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wengi sana: Warundi wa 1972, wa 1993, na wa 2015 ambao kwa ajili yao kambi ya Nduta pale Kibondo ilifunguliwa tena, Wakongo wa Nyarugusu tangu 1996. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 300,000, walio wengi katika mkoa huu. Anayesimamia pasipoti hapa ana wajibu wa kuwa mkali kuliko mwenzake wa Lindi, na akilegeza, thamani ya pasipoti ya Watanzania wote hushuka. Nakubali yote hayo. Nisichokubali ni hatua inayofuata, ile ya kudhani kwamba karatasi zinazolingana ni dalili ya ukweli na zisizolingana ni dalili ya udanganyifu. Katika mazingira yetu mara nyingi ni kinyume. Anayetaka kujipachika uraia hutengeneza karatasi zake zote kwa wakati mmoja, kwa mkono mmoja, na kwa kuwa ametengeneza zote kwa pamoja, zinalingana herufi kwa herufi. Mwenyeji wa kweli hakutengeneza zake; ziliandikwa na watu tofauti kwa miaka arobaini, kila mmoja kwa shabaha yake, na mikwaruzo hiyo ya tahajia ni alama za muda, kama pete za umri katika shina la mti. Afisa mkali na mwenye akili ataiuliza mikwaruzo hiyo ilitokeaje, na ataona kama inafuata njia inayoeleweka: r kuwa l, Yohana kuwa John, Kasulu kuwa Buhigwe. Kinachopaswa kumshtua ni tofauti isiyoelezeka, kama jina la baba lililogeuka kuwa jingine kabisa katika mwaka ambao mtu alihitaji kitu fulani.

Na jina lenyewe, likisikika kama la Kirundi, haliwezi tena kuwa ushahidi wa ugeni. Mwaka 2014 serikali yetu ilitoa uraia kwa Warundi zaidi ya 162,000 wa kizazi cha 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hao ni Watanzania, na watoto wao wataitwa majina ya babu zao mpaka watakapoamua wenyewe vinginevyo. Afisa anayepima uraia kwa tahajia ya jina anapima kitu ambacho sheria ya nchi yake ilikwisha kukitenganisha na uraia. Wenzetu wa Kenya wanalo somo chungu katika jambo linalokaribiana na hili: kule Garissa, Wakenya wengi waliojiandikisha kambini wakati wa njaa ili wapate posho walikwama miaka mingi bila vitambulisho, kwa sababu alama zao za vidole zilikuwa kwenye kanzidata ya wakimbizi. Kosa lililoachwa katika daftari moja liliendelea kuwapinga katika mengine yote. Kasulu na Kibondo, zilizoishi bega kwa bega na kambi, hazina sababu ya kudhani kwamba jambo hilo ni la mbali.

Tarehe za kuzaliwa ni habari ya peke yake. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo tarehe ikikosewa, kosa limeingia ndani ya namba yenyewe ambayo mtu ataitaja benki, kwenye simu na kwenye fomu ya pasipoti. Wazee wetu wengi hawakuwahi kuwa na siku wala mwezi. Walikuwa na mwaka wa njaa, mwaka baba aliporudi kutoka mkonge, mwaka wa operesheni. Fomu ikimlazimisha mtu kutaja siku, atataja, kisha fomu nyingine ikimlazimisha tena miaka kumi baadaye atataja nyingine, kwa sababu ya kwanza haikuwa kumbukumbu, ilikuwa jibu. Inashangaza kujua kwamba kanuni za ICAO zenyewe hazidai hivyo: pale siku au mwezi usipojulikana, kanuni zinaruhusu nafasi ijazwe kwa alama maalumu na mwaka ubaki peke yake. Dunia iko tayari kuambiwa hatujui. Ni fomu za ndani zinazotulazimisha kujua. Wakongo wengi waliotoka Nyarugusu kwenda kuishi Marekani wanasherehekea siku ya kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu hiyohiyo. Najua pia kwamba wapo wanaopunguza miaka ili wachelewe kustaafu au wakubaliwe katika timu ya vijana, na kwa ajili yao ofisi zimeikunjia ngumi kila tarehe inayoombwa kurekebishwa. Hao wanatambulika kwa njia moja ya wazi: wanakimbia karatasi ya zamani na kukumbatia mpya. Anayesahihisha kweli hufanya kinyume, anarudi kwenye karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na siku aliyozaliwa, kadi ya kliniki au daftari la ubatizo, iliyoandikwa wakati hakuna aliyejua mtoto huyu atakuja kuhitaji nini. Kipimo hicho kingetosha kutenganisha maombi mengi mazuri na mabaya bila kumtesa mtu.

Wapo wanaoshauri, kwa nia njema, njia ya mkato: pasipoti ikishatoka na kosa, ifuate hiyo, badili karatasi nyingine zote zilingane nayo, maana pasipoti ndiyo kubwa. Ushauri huu husikika sana kwa wanaosaidia watu kujaza maombi, na kwa safari moja unafanya kazi. Lakini pasipoti huishi miaka 10 tu. Cheti cha kuzaliwa hakina mwisho, na cheti cha kidato cha nne hakina mwisho. Kukata shina ili lilingane na tunda ni kazi isiyo na kikomo, na hasara yake kubwa hairudi kwa mwenye pasipoti, inarudi kwa wanawe. Mtoto akiomba pasipoti ataulizwa uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi. Ikiwa baba yake alijigeuza Luhinda ili awahi ndege mwaka 2019, na babu kwenye daftari la Kabanga bado ni Ruhinda, mtoto atarithi swali ambalo hakuna tena aliye hai wa kulijibu. Taarifa za afya na idadi ya watu za 2015 na 2016 zilionyesha kwamba ni asilimia 26 tu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa. Maana yake wengi wa wale wengine watasajiliwa wakiwa wakubwa, kwa ushahidi wa karatasi za wazazi wao. Ubovu wa leo unajiandaa kunakiliwa.

Kwamba mwenye jina naye ana lake la kufanya, sibishani. Maombi ya pasipoti hujazwa mtandaoni, na kwa walio wengi Kasulu na Kibondo maana yake ni kijana wa steshenari anayechapa haraka huku wateja wengine watatu wamesimama nyuma. Kabla ya kulipa kwa kontroli namba, mtu adai kuona skrini na asome jina lake herufi moja moja, na jina la baba na la mama vilevile, na mahali pa kuzaliwa, akilinganisha na cheti mkononi. Asiyejua kusoma aende na mjukuu. Siku ya kuchukua kitabu asome tena pale pale dirishani, kabla ya kusaini daftari la kupokea, maana kosa la mtambo lililosemwa siku hiyo ni kosa la ofisi, na lililosemwa baada ya miezi sita tayari linaonekana la mwombaji. Asihangaike na kisicho kosa. Ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine, ina nafasi 44 kila mmoja, na jina limepewa 39. Jina refu hukatwa, na alama kama ile ya ng' ya majirani zetu Wasukuma huondolewa, kwa kanuni ya dunia nzima. Cha kulinganisha ni jina lililoandikwa juu, lenye maneno kamili.

Hata hivyo uangalifu wa mwombaji hauwezi kubeba mzigo wote. Kosa lililofanywa na karani, likaonekana wazi kutokana na daftari lenyewe, linapaswa kusahihishwa bila mwenye jina kulipia kalamu isiyokuwa yake. Na ofisi za Buha zingefaa kuwa na kitu rahisi ambacho hakihitaji bajeti: orodha ya majina ya Kiha na tahajia zake, iliyokubaliwa na wazee, walimu na makanisa yenye madaftari ya zamani, ikae kwenye meza ya kila anayesajili, ili r na l, gw na rw, visiwe tena jambo la kubahatisha. Atakayesema kwamba orodha ya namna hiyo itawapendelea wenyeji, nitamkumbusha kwamba kwa sasa hakuna anayependelewa. Kinachotawala ni masikio ya aliyekuwa zamu siku hiyo.

Usajili wa watoto wadogo umeanza kusogezwa hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, chini ya mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mkoa baada ya mkoa, na cheti huandikwa palepale mama akiwa amesimama na mtoto mgongoni. Katika kata kama Kitahana, anayeandika anaweza kuwa mtu anayelijua jina hilo tangu utotoni, au mgeni aliyepangiwa kazi wiki iliyopita. Kwa vyovyote, mama yupo hapo, na ndiye pekee katika chumba kile anayejua jina lilitolewa kwa sababu gani. Anayeandika amuulize, aandike kwa penseli, amsomee kwa sauti, amngoje aitikie, halafu ndipo achukue wino.